TikTok ya Ukambani si ile ya mwaka 2020

Kila TikTok inapotajwa huku kwetu, iwe barazani au kwenye hotuba ya Ijumaa, naona tunailaumu programu ya miaka mitano iliyopita: mabinti, dansi na vijana wasio na kazi. Anayetaka kujua imefika wapi na atazame inavyotumika Kitui na Makueni. Hawa ni jirani zetu. Tunaishi nao Changamwe na Likoni, na basi la Nairobi hupita kwao Mtito Andei, Kibwezi na Emali.

Mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya nzima ilicheza "Utawezana" ya Femi One na Mejja, na video moja ikampa Azziad Nasenya jina. Dansi haihitaji lugha. Kijana wa Mwingi alicheza kama wa Nairobi, na wa Nairobi akamwiga wa Marekani. Mzee hakuwa na la kutazama pale.

Kilichogeuza mambo ni muda. Video za mwanzo zilikuwa za sekunde 15, kisha 60. Julai 2021 zikaruhusiwa kufika dakika 3, na mwaka 2022 dakika 10. Mtu hachezi dansi dakika kumi. Atazungumza, na akizungumza atatumia lugha ya kwao. Hapo Kikamba kikapata nafasi: vichekesho vya mke na mume, mahubiri, benga, mkulima wa Makueni akionyesha maembe yake na nambari ya simu, mama wa Kitui akitaja bei ya ndengu. Lugha ikawavuta wazazi, wazazi wakawavuta wafanyabiashara, na wanasiasa wakafuata kura zilipo. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Ndiyo maana sikuunga mkono ombi la kuipiga marufuku lililofikishwa bungeni Agosti 2023. Mwaka uliofuata vijana walitumia programu hiyohiyo kuwafafanulia watu Mswada wa Fedha, wengine kwa lugha za nyumbani, ukaeleweka hata na asiyesoma gazeti. Tarehe 26 Juni 2024, baada ya maandamano na vifo, Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia saini. Wale tuliowaita wacheza dansi walikuwa wamekua.

Lakini hatari nayo imehama, na hili ndilo linaloniogopesha kama mzazi. Dansi ya mchana kila mtu aliiona, hata shangazi na jirani, na mtoto alikanywa. Laivu ya usiku wa manane haina shangazi. Watazamaji ni wageni wenye kutuma zawadi zinazogeuka pesa, na ikizimwa mzazi hana cha kuona asubuhi. Machi 2025 BBC iliripoti kuhusu Wakenya wenye umri mdogo, hata wa miaka 15, waliohusishwa na laivu za ngono, na kwamba kampuni huchukua takriban asilimia 70 ya thamani ya zawadi. Sheria ya TikTok yenyewe yasema laivu ni ya aliyetimiza miaka 18. Sheria ipo, anayeisimamia usiku ndiye hayupo.

Umasikini wa Kitui na wa Kwale ni ndugu. Ukame ukikausha shamba, au bahari ikikosa samaki, zawadi ya mgeni yaonekana riziki, na baadhi ya wazazi hawaulizi pesa imetoka wapi.

Kwa hivyo wabunge wetu waache kuhangaika na marufuku, waibane kampuni ihakikishe umri wa kila anayefungua laivu. Maustadhi na walimu wa madrasa nao waache kukemea dansi pekee, wawafundishe wazazi laivu ni nini. Na sisi wazazi tuwaulize watoto maswali matatu: akaunti yako imeandikwa umri gani, waenda laivu saa ngapi, na nani anakutumia zawadi?