Kasiba ya Pembe Nane na Uongo wa Kazi ya Mkono

Hapana neno lililochoshwa katika biashara ya vitu vya thamani kama neno "kazi ya mkono." Limetiwa katika viatu, katika saa, katika mazulia na katika visu, na sasa limekaa starehe juu ya bunduki za risasi moja, zile ziundwazo kwa agizo la mtu mmoja katika karakana za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Muuzaji akilitamka, mnunuzi hufungua mfuko. Mimi nafundisha maneno, wala siuzi bunduki. Lakini neno likitumiwa kupunja watu, mwalimu wa maneno ana haki ya kupiga kelele sawa na mwenye duka aliyevunjiwa mlango. Nadai kwamba neno hilo, kama lisemwavyo leo, limewadhulumu wawili kwa pigo moja: mashine, iliyofanya kazi kubwa ikanyimwa sifa, na fundi wa tupa, aliyefanya kazi ndogo lakini ngumu kuliko zote, akalipwa kama msafishaji.

Nitatazama jambo moja tu, nalo ni urembo wa kasiba, yaani mtutu. Bunduki ya namna hii haina ghala la risasi. Kipande kinene cha chuma huteremka kwa wenzo, risasi moja hutiwa kwa vidole, kipande hupanda tena na kuziba. Karne ya 19 ndiyo iliyokuwa zama zake za fahari. Christian Sharps alipata hataza yake Marekani mwaka 1848, John Farquharson wa Scotland alipata yake mwaka 1872, na John Moses Browning alipata ya kwake mwaka 1879. Hiyo ya mwisho ilinunuliwa na kampuni ya Winchester, ikauzwa kwa jina la mwaka 1885. Frederick Selous, ambaye kaburi lake liko Beho Beho karibu na mto Rufiji tangu Januari 1917, aliwinda miaka mingi kusini mwa Afrika kwa bunduki ya Farquharson. Basi kwa kuwa bunduki hii haina vikorokoro vingi, jicho la mtazamaji halina pa kukimbilia. Linaanguka juu ya kasiba, na hapo ndipo fundi hushitakiwa au husifiwa.

Urembo wenyewe ni wa aina chache. Kasiba huweza kuwa na pembe nane tangu mwanzo hata mdomoni, au pembe nane kwa theluthi ya kwanza na mviringo sehemu iliyobaki. Mahali zikutanapo namna hizo mbili huachwa pete nyembamba ya chuma, ambayo mafundi wa Kizungu huiita pete ya harusi. Juu yake huweza kupita mgongo mwembamba wa kubebea alama ya kulengea. Wengine huongeza mifereji ya urefu. Katika kazi iliyo bora vyote hivi havikubandikwa kwa lehemu. Vimo ndani ya ufito uleule mmoja wa chuma cha pua, na kila kisichohitajiwa kimeondolewa. Kwa hiyo ufito sharti uanze mnene sana, na sehemu kubwa yake itaishia sakafuni. Kosa moja la kukata zaidi ya kiasi halina dawa, maana chuma kilichoondoka hakirudi.

Pembe nane hazikuzaliwa kuwa pambo. Wahunzi wa Ujerumani, na baadaye wa Pennsylvania, walifanya kasiba kwa kukunja bamba la chuma chenye moto juu ya ufito na kuliunga kwa nyundo. Kitu kilichotoka katika fuawe kilikuwa na vinundu, na mtu mwenye tupa na rula hunyosha bapa kwa urahisi kuliko anyoshavyo mviringo. Mashine ya kukereza ilipoenea mambo yaligeuka: mviringo ukawa rahisi, na pembe nane zikawa anasa ya kulipiwa zaidi. Hili yafaa likumbukwe na kila asemaye kwamba urembo ni kitu kilichoongezwa na wavivu juu ya kazi za watu wa maana. Pambo hili ni jasho la jana lililobaki baada ya haja yake kwisha.

Sasa nije kwa mashine, ambayo wapenzi wa neno "mkono" huificha kama jamaa maskini siku ya karamu. Mashine haikuvamia kazi hii kutoka nje. Ilizaliwa humo humo. Huko Millbury, Massachusetts, Asa Waters alikuwa akikereza kasiba za bunduki kwa mashine, lakini sehemu ya nyuma, yenye mabapa, ilimshinda, ikabaki kufanywa kwa mkono. Akamwita kijana Thomas Blanchard, naye akatengeneza mashine iliyoweza kubadili mwendo na kukata mviringo na bapa pamoja. Na kutokana na wazo hilo akapata, mwaka 1819, hataza ya mashine yake mashuhuri ya kuchonga vitako vya bunduki. Tena mwaka 1862 Joseph Brown wa Providence alitengeneza mashine ya kuchonga chuma iwezayo kugeuza kitu kwa vipimo sawasawa. Kisa chake kilikuwa nini? Mafundi wa bunduki waliokuwa wakitoboa chuma walihitaji keekee zenye mifereji iliyojiviringa, na mifereji hiyo ilikuwa ikikatwa moja moja kwa tupa ya mviringo. Tupa ndiyo iliyoomba msaada, na mashine ikaitika.

Ama mashine zenyewe zilipata wapi unyofu wao? Joseph Whitworth, alipowahutubia wanachuoni mjini Glasgow mwaka 1840, alieleza namna ya kupata bapa la kweli bila ya kuwa na bapa jingine la kunakili. Huchukuliwa mabamba matatu. La kwanza hupakwa rangi na kulazwa juu ya la pili, la pili juu ya la tatu, la tatu juu ya la kwanza. Na kila palipoguswa na rangi hukwanguliwa kwa chombo cha mkono. Mabamba mawili huweza kupatana hali moja limebinuka na jingine limebonyea, lakini matatu hayawezi kudanganyana kwa zamu zote. Kwa njia hiyo mikono ya watu ilizaa unyofu, na unyofu ukazaa mashine. Anayeitukana mashine kwa kuutukuza mkono anamtukana mtoto mbele ya mama yake.

Tuone basi kazi inavyokwenda. Kifaa cha kugawanyia kilicho juu ya mashine huhitaji mizunguko 40 ya mpini wake ili kasiba izunguke mara moja. Kwa hiyo kila bapa katika manane hupatikana kwa mizunguko 5 kamili. Hapana mkono wa binadamu ushindanao na hesabu hiyo, wala hapana sababu ya kushindana. Chukua kasiba ya inchi 26, yenye upana wa inchi 1 nyuma na inchi 0.75 mdomoni, ukipima bapa kwa bapa. Kila upande lazima uteremke inchi 0.125 katika safari hiyo, na kila bapa lipungue upana kutoka inchi 0.41 hadi 0.31, pasipo mahali popote pa kujikunja. Fundi mwenye akili hukata pande zinazoelekeana kwa zamu, kwa sababu chuma huficha mvutano ndani yake, hasa ikiwa mifuo ya ndani ilisukumwa kwa nguvu badala ya kukatwa. Ukikivua upande mmoja tu, huenda kikapinda.

Kazi hiyo ikwisha, kasiba ina umbo lake lote, wala haipendezi. Kisu kimeacha mawimbi juu ya kila bapa. Pale ambapo mgongo, bapa na pete hukutana, nyuso tatu zikiingia katika kona moja, kisu kizungukacho lazima kiache uduara wa unene wake, kwa maana chombo cha mviringo hakiwezi kuingia katika pembe ya ndani. Hapa wapinzani wangu wa upande wa pili huinua sauti. Husema kwamba mashine za leo ziongozwazo na kompyuta zimekwisha kumaliza shauri hili, na kwamba tupa ni kumbukumbu ya wazee. Nawajibu kwamba kompyuta inajua kona ilipo, lakini kisu kilichofungwa mbele yake ni kilekile cha mviringo. Inaweza kutumia kisu chembamba zaidi, na uduara ukapungua. Hautakwisha.

Ndipo tupa ianze. Kasiba hufungwa katika jiliwa lenye mataya ya ngozi au mbao. Tupa hupakwa chaki ili unga wa chuma usigandie katika meno yake. Chembe moja ikigandia, huchora mkwaruzo ambao kuufuta kwake ni kulishusha bapa zima. Kisha hushikwa kwa mikono miwili, ikakingama juu ya kasiba, ikavutwa kwa urefu bila kuyumba. Penye pete hutumiwa tupa ambayo ubavu wake mmoja umesuguliwa ukawa hauna meno, ili ikate bapa bila kuijeruhi pete. Kinachotafutwa ni sehemu chache za elfu za inchi. Lakini katika hizo ndimo umo ukali wa kingo zote nane. Mvivu hapa huchukua gurudumu la kung'arishia, na kwa muda mfupi kasiba humeremeta kama kijiko. Kingo zimelainika, bapa limebonyea katikati, pete imeyeyuka kama sabuni. Halafu kitu hicho huandikwa "kazi ya mkono," kwa kuwa ni kweli kwamba mkono ulikishika kilipokuwa kikiharibiwa.

Kuna jambo lililo zito kuliko uzuri. Kasiba ni chombo kinachozuia mlipuko kando ya shavu la mtu. Risasi ya .30-06 ina kikomo cha nguvu ya ratili 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na nguvu hiyo husukuma pale pale nyuma ambapo mapambo hupendwa zaidi. Fundi akichimba mfereji mrefu hata juu ya chemba kwa sababu mteja ameona picha, au akiteremsha bapa mara kwa mara kwa kufukuza mkwaruzo aliouleta mwenyewe, anakata katika unene uliowekwa kwa hesabu. Mkono usiopimiwa haufai kusifiwa hapa, hata ukiwa na mapenzi mengi.

Wako watakaosema silaha haistahili nakshi. Ni rai ya heshima, lakini watu wa Oman walizifunga kwa pete za fedha kasiba za bunduki zao za utambi, nao hawakuwa watu wa mchezo katika mambo ya bunduki. Sina zaidi kwa hao.

Ugomvi wangu ni na wauzaji, na dai langu ni dogo. Hati ya bunduki iandike mambo matatu: mashine ilikata nini, tupa ilikata nini, na nani aliyeishika tupa hiyo. Maana ilivyo sasa jina lililochorwa juu ya kasiba aghalabu ni la mwenye karakana, na saa za tupa hufichwa katika hesabu ya jumla pamoja na mafuta na msasa. Kijana anayejifunza kuvuta tupa akiona hivyo, yamkini ataiweka chini na kulishika gurudumu, wala sitamlaumu. Ikiwa tupa haikukata kitu, hati iseme hivyo. Kasiba iliyotoka katika mashine ikaachwa na alama zake wazi ina unyofu wa aina yake, nami ningeinunua kwa bei yake kabla ya ile iliyong'arishwa kwa hila.

Mnunuzi naye asijifanye kipofu. Aipeleke kasiba dirishani, ailaze karibu na jicho, atazame mwanga ukienda kutoka nyuma hadi mdomoni. Juu ya bapa lililonyoka, mwanga hupita kama maji katika mfereji wa saruji. Juu ya bapa lililong'arishwa kwa gurudumu hutikisika na kujaa vidimbwi. Kisha atazame bapa la juu kama limelingana na bapa la mwili wa bunduki, kwa kuwa kasiba hukazwa kwa parafujo, nayo ikikosea digrii 1 tu, ukingo wa kasiba ya inchi 1 umehama karibu sehemu 9 za elfu za inchi, na jicho huliona. Mwisho atie ukucha katika kona ambapo mgongo hukutana na pete.