Leza juu ya ngozi nyeusi: Lualaba isingoje majeruhi

Anayetaka kuondoa madoa au makunyanzi usoni kwa leza huambiwa kwamba hakuna kisu, hakuna kushonwa, na kesho atarudi kazini. Maneno hayo ni nusu ya ukweli. Leza haikati, lakini inachoma. Kazi yake ni kupeleka joto ndani ya ngozi.

Joto hilo hufuata rangi. Melanini, inayoipa ngozi yetu weusi wake, ndiyo humeza mwanga wa leza. Kwa mtu mweupe mwanga hupita hadi kwenye doa. Kwa mtu mweusi, ngozi yenyewe huumeza njiani. Ndiyo maana waganga wa ngozi wanaonya juu ya malengelenge, alama nyeusi zinazodumu miezi mingi, mabaka meupe ambayo mara nyingine hayaondoki, na makovu yanayovimba. Bila miwani ya kinga, jicho linaweza kupofuka.

Si kwamba leza imekatazwa kwa mtu mweusi. Mashine ya Nd:YAG, yenye mwanga wa nanomita 1064, ina hatari ndogo zaidi kwa ngozi yetu, ikishikwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Lakini mteja hawezi kutambua mashine kwa macho.

Kolwezi ina mambo mawili yanayoongeza hatari. La kwanza ni jua: muji uko kwenye nyanda za juu, na wachimbaji na wamama wa soko wanashinda nje. Ngozi iliyotoka kwenye leza ikipigwa na jua inaweza kuwa nyeusi kuliko mbele. La pili ni mafuta ya kuchubua. Hidrokinoni ikipakwa miaka mingi inaweza kuacha madoa ya rangi ya bluu na nyeusi, na Afrika Kusini iliikataza katika vipodozi tangu 1990. Aliyeharibiwa na mafuta hayo ndiye hukimbilia leza, na ngozi yake iliyochoka ndiyo rahisi kuungua.

Viongozi wa afya wa jimbo la Lualaba hawapaswi kungoja majeruhi. Wakague kila nyumba ya urembo inayotangaza leza: nani anaishika, alisomea wapi, mashine ni ya aina gani, na mteja akiungua anapelekwa kwa mganga gani. Asiyeweza kujibu afungiwe mashine, si kutozwa feza kisha kuachwa aendelee.

Na mkaaji, mbele ya kulipa, aombe ajaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo iliyofichika, kisha angoje wiki chache. Aseme dawa na mafuta yote anayotumia. Anayekataa jaribio hilo kwa sababu ya haraka, asikabidhiwe uso wa mtu.