Nyumba ya serikali: nani atangulie kupata ufunguo?

Msikilizaji wetu wa Newala au Masasi, huenda shuleni kijijini kwako ipo nyumba moja ya mwalimu iliyojengwa kwa fedha za serikali, na walimu wako watano. Nani aingie? Swali hilo limewahi kuisumbua nchi nzima, na lilipata majibu mawili tofauti.

Mwaka 2002, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa hapa Masasi, serikali ilianza kuwauzia watumishi wake nyumba za umma. Zaidi ya 7,000 ziliuzwa. Aliyetangulizwa ni mtumishi aliyekuwa akiishi ndani. Ukiangalia haraka unaona ni haki: kaishi humo, katunza bustani, watoto wamekulia humo. Lakini mtumishi huhamishwa. Nyumba ikishakuwa mali ya daktari wa leo, daktari atakayeletwa kesho atafikia wapi? Malalamiko hayo yalifika mpaka bungeni.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, mambo yalikwenda vingine. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba zao za kota zikabomolewa, na watu wakakaa miaka mingi wakipanga huku na kule. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliahidi kuwajengea. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa hayo, na wakazi wale wa zamani ndio waliopewa nafasi ya kwanza, pamoja na ruhusa ya kuyanunua.

Kwa mtazamo wetu, mara zote mbili aliyepewa kipaumbele ni mkazi, lakini sababu hazilingani. Wa Magomeni walikuwa wamepoteza makazi, walikuwa wanadai. Mtumishi wa 2002 hakuwa amepoteza kitu, na nyumba ile ilikuwa ya cheo, si ya mtu. Tena Magomeni idadi ya kaya ilijulikana mapema, jambo ambalo si dogo. Ingawa hata hapo, katika miaka kumi ya kusubiri watu hufa na wengine huachana, na jina moja kwenye karatasi huweza kudaiwa na ndugu watatu.

Turudi kwetu juu ya uwanda, ambako maji ni shida na nyumba yenye tenki la mvua ni neema. Mwalimu mkuu mwenye nyumba yake kijijini atangulie kwa sababu ya cheo, au mwalimu wa kike aliyeletwa jana kutoka mbali, asiye na ndugu wala chumba cha kupanga? Sisi tungemtanguliza huyo wa pili. Kugawa ni kazi ya uongozi wa shule na halmashauri, lakini mliosomba mchanga na kufyatua tofali mna haki ya kuuliza. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Ulizeni hapo utaratibu umeandikwa wapi, na nani aliuandika.