Maarifa ya Nyumbani: Pima Oili Kabla ya Kuuza Ndama



Msimu wa vitunguu wa mwaka 2023 kaka yangu alikwama mlimani. Pikapu yake, Hilux ya zamani yenye giaboksi ya otomatiki, ilikuwa imepakia magunia ikitoka hapa Mang'ola kwenda Karatu. Katikati ya mlima injini ikanguruma kwa nguvu, lakini gari likawa linatambaa kama kobe. Ikambidi ateremshe magunia kando ya njia, na mnunuzi aliyekuwa akimngoja akanunua kwa mwingine. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakufungua hata boneti. Akasema, "Giaboksi imekufa, tafuta nyingine." Jioni ile kaka alikuwa amekwisha kutaja ndama wawili wa kuuza.

Shemeji yangu ndiye aliyeuliza swali moja tu: "Baba watoto, oili ya giaboksi mmeipima?" Hakuna aliyeipima. Basi leo nawaeleza tuliyojifunza, maana magari ya namna hii yamekuwa mengi vijijini, na wengi wetu tunayaendesha bila kuyajua.

Katika gari la kawaida dereva hukanyaga klachi na kutia gia kwa mkono wake. Katika gari la otomatiki kazi hiyo hufanywa na oili. Ndani mna pampu inayozungushwa na injini. Pampu huisukuma oili kwa nguvu, na oili hubana klachi zilizo ndani ya giaboksi, hii au ile, kulingana na gia inayotakiwa. Tena oili hiyo hiyo hulainisha vyuma na kuondoa joto. Ikipungua, klachi hazibanwi sawasawa. Huteleza, hupata moto, na mwisho huungua. Kwa hiyo gari likichelewa kushika gia, au injini ikilia bila gari kuongeza mwendo, shaka ya kwanza ni oili.

Kuipima si kazi ngumu. Endesha gari mpaka lipate moto, kisha lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke mawe kwenye magurudumu. Huku umekanyaga breki, sogeza mkono wa gia polepole toka P mpaka chini, kisha urudishe P. Sasa, injini ikiwa bado inanguruma, chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, kifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena na kusoma. Hivyo ndivyo ipimwavyo kwa Hilux. Magari mengine yana desturi yake, basi soma kitabu cha gari lako. Oili ya moto inatakiwa ifike kwenye alama ya HOT. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo na kupima kila mara. Usijaze kupita alama, kwa sababu oili ikizidi hufanya povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Tazama pia rangi, na unuse. Oili nyingi za giaboksi hizi zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kuungua, klachi zimekwisha kuumia kwa joto. Ikiwa kama maziwa yenye wekundu, maji yameingia. Labda ni kwa sababu ya kuvuka mto wenye maji mengi, au rejeta imetoboka kwa ndani, maana oili ya giaboksi hupita humo ipate kupoa. Gari la hali hiyo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Na usitie oili yoyote uikutayo dukani. Mara nyingi aina inayotakiwa imeandikwa kwenye kijiti chenyewe. Oili ya injini haifai kabisa.

Oili ikiwa sawa, angalia kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia. Taa ya O/D OFF ikiwaka, gari halitaingia gia ya juu kabisa, wala si ugonjwa: kuna mtu amekibonyeza. Kwa kweli wakati wa kupanda mlima na mzigo ni vizuri kukizima, ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia na kujipa joto bure. Lakini katika magari yenye giaboksi ya kuongozwa kwa umeme, taa hiyo ikiwaka na kuzimika yenyewe, gari linakuambia kwamba limeona hitilafu. Hapo mwite fundi mwenye kujua umeme.

Magari mengi ya zamani ya Toyota yana pia kebo itokayo penye injini kwenda kwenye giaboksi, inayovutwa unapokanyaga mafuta. Ikilegea, gia hubadilika mapema mno na klachi huteleza. Ikikazwa kupita kiasi, gia huchelewa na gari hushtuka kwa nguvu. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi, wala haihitaji kuishusha giaboksi.

Mambo mawili msiyafanye. Gari la otomatiki la siku hizi haliwaki kwa kusukumwa, msijichoshe bure. Wala lisikokotwe huku magurudumu yanayoendeshwa na giaboksi yakizunguka chini, kwa sababu injini ikizimika pampu haifanyi kazi, na vyuma vitasagana pakavu.

Ukimwendea fundi, nenda na daftari. Andika: Gia gani inasumbua? Gari likiwa baridi au moto? Tupu au na mzigo? Oili imepungua kiasi gani tangu ulipopima mara ya mwisho? Kisha omba afungue sinia ya chini mbele yako. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku zilizomo ni wa kawaida. Vipande vya chuma, au chembe nyingi nyeusi za klachi, hizo ndizo habari mbaya. Hapo ndipo mtu aanze kuhesabu fedha ya giaboksi nyingine.

Kwa kaka yangu, oili ilikuwa chini sana. Mpira unaoipeleka kwenye rejeta ulikuwa umelegea, ukidondosha tone moja moja, na alama yake ilikuwa pale uani siku nyingi, tumeizoea. Tulikaza mpira na kuongeza oili, gari likashika gia. Oili ya zamani ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, basi akaibadilisha mara mbili, kwa maana ukifungua sinia hutoka sehemu tu, na nyingine hubaki ndani. Pikapu inapanda mlima hadi leo, ingawa sasa hapakii kama zamani.

Ndama walibaki zizini. Lakini yule mnunuzi wa vitunguu hakurudi, na hasara ile haikulipwa na mtu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kupakia, inama uangalie chini ya gari lako.