TUSINYOOSHE CHUMA CHA USUKANI, TUNUNUE KINGINE



Tangu pikapu letu lilipogonga jiwe kwenye njia ya mashambani, maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema dereva alikuwa mwendo kasi, wengine wanasema alikuwa anamkwepa ndama. Hayo tunawaachia wanaopenda kesi. Tunalotaka kulizungumza hapa ubaoni ni kile chuma kilichopinda chini ya gari, na ule mpango tuliousikia wa kukinyoosha kwa moto na nyundo ili gari lirudi kazini kabla ya siku ya soko. Sisi tunasema hapana. Kisinyooshwe, kinunuliwe kingine.

Kwa wale ambao hawajawahi kulala chini ya gari, tueleze kidogo. Dereva akizungusha usukani, nguvu inashuka hadi kwenye boksi la usukani, inapita kwenye mkono wa chuma, inafika kwenye gurudumu moja la mbele. Gurudumu la pili linajuaje kwamba linatakiwa kugeuka? Linaambiwa na chuma kirefu kinachoyaunganisha yote mawili. Mafundi wanakiita tairodi. Kila ncha yake ina boljointi, yaani kifundo kama kile cha nyonga ya ng'ombe, kinachozunguka ndani ya grisi. Basi chuma hicho ndicho kilichopinda. Kwenye gari letu kiko nyuma ya ekseli, na kikipinda kinakuwa kifupi, kinavuta magurudumu kwa nyuma, nayo kwa mbele yanatazama nje. Moja linataka kwenda Musoma, jingine linataka kwenda Bunda. Gari linayumba, na tairi zinalika upande mmoja kama zimepigwa msasa.

Mzee mmoja tunayemheshimu sana ametuuliza: mbona plau la ng'ombe likipinda tunalipeleka kwa mhunzi, linanyooshwa, na mwaka unaofuata tunalima nalo? Swali ni zuri na linastahili jibu. Plau likikatika shambani, ng'ombe wanasimama, mtu anapiga mluzi, anakwenda kukaa chini ya mti. Usukani ukikatika barabara ya lami pale Kiabakari, lori la Mwanza linakuja mbele, na nyuma tumebeba akina mama kumi na ndoo zao, nani atapiga mluzi? Tofauti ya vyuma hivi viwili iko kwenye kazi vinayofanya. Umri wa chuma au ustadi wa mhunzi si hoja hapa.

Na chuma chenyewe kina tabia zake. Chukua kipande cha waya wa fensi, kipinde, kinyooshe, kipinde tena. Kwa macho kinaonekana kizima, lakini ukirudia mara kadhaa kinakatika mkononi. Chuma kilichopinda kimevutika upande mmoja na kubanwa upande wa pili. Ukikinyoosha unakivuta na kukibana tena kwa kinyume. Ufa unaanza kama unywele, mwembamba kiasi kwamba jicho haliuoni. Moto nao una hatari yake. Vyuma vingi vya usukani, hasa ile mikono minene, vimepikwa kiwandani kwa joto lililopimwa ili viwe vigumu bila kuwa vya kuvunjika kama kigae. Ukivitia kwenye moto wa mkaa hadi viwe vyekundu, yale mapishi ya kiwandani yamekwisha. Vikipoa polepole vinakuwa laini, na ukivitia kwenye maji vinaweza kuwa vya kuvunjika. Mhunzi hodari hawezi kujua kwa jicho amepata lipi kati ya hayo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Fimbo iliyonyooka ukiisukuma kwa ncha inasukumika. Iliyopinda kidogo ukiisukuma inazidi kupinda, maana imeshajua njia. Barabara zetu za vumbi, na mashimo yake baada ya masika, zinausukuma na kuuvuta ule usukani mara nyingi kabla hujafika Butiama. Kwa hiyo hata ile lugha ya "kimepinda kidogo tu" sisi hatuipokei.

Kuna ujanja mwingine wa mafundi wa vichochoroni tunaotaka wanachama waujue. Chuma kikiwa kifupi kwa sababu ya kupinda, fundi anafungua zile ncha zenye skrubu, anazizungusha nje mpaka magurudumu yakae sawa tena. Gari linakwenda vizuri na mwenye gari anafurahi. Kumbe zile ncha sasa zimeshikwa na nyuzi chache za skrubu, na siku moja zitachomoka.

Sasa tuseme lililotuuma zaidi. Chuma kilipotolewa na kusafishwa kwa mafuta ya taa, palionekana alama za nyundo za zamani, zimeshika kutu. Maana yake nini? Chuma hiki kilishawahi kupinda na kikanyooshwa, na hakuna kitabu cha ushirika kilichoandika habari hiyo. Tumebebwa na gari hilo tukidhani ni zima. Watoto wetu wamepelekwa nalo hospitali ya Musoma usiku, pamba imepelekwa nalo Bunda, tumevuka nalo daraja la Kirumi kwenda msibani. Hatujui ni dereva yupi wa miaka ipi, na hatumtafuti. Ila tunajua sababu. Ni ile kanuni yetu wenyewe inayosema dereva akiharibu kitu atakatwa mshahara. Dereva mwenye watoto sita, akigonga jiwe saa mbili usiku, atafanya nini? Ataripoti akatwe, au atampelekea fundi rafiki yake kuku wawili, na asubuhi gari liko kazini? Jamani, hata sisi tungejaribiwa. Kanuni hiyo imetungwa kwa nia njema ya kulinda mali ya ushirika, lakini inachofanya ni kuwafundisha madereva kuficha. Tunaitaka Kamati iifute kwa mambo yote ya usukani na breki. Dereva anayeripoti kipigo cha chini ya gari siku ileile asikatwe hata senti. Anayeficha, huyo ndiye aulizwe.

Tumesikia pia hoja ya kujitegemea. Eti kununua spea ni kasumba, wazee wetu walinyoosha na maisha yakaenda. Ni kweli walinyoosha, lakini tukumbuke kwa nini. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, na hata sabuni ilipangiwa foleni, seuze tairodi. Gari lilikuwa ama linyooshwe ama liote majani. Mwaka 1984 serikali ilianza kuruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, na kidogo kidogo spea zikarudi madukani. Leo ukikosa Musoma utapata Mwanza. Shida ile ilikwisha, lakini mazoea yake tumeyahifadhi kama mkufu wa bibi. Na hapa tulipo, jirani kabisa na nyumbani kwa Mwalimu, tusilipotoshe neno kujitegemea. Azimio la Arusha la 1967 halikumwambia mtu aweke roho za wenzake juu ya chuma kilichochoka. Kujitegemea kwenye gari ni kujua kupima, kujua kutia grisi, kujua kubadilisha kitu wenyewe bila kudanganywa na fundi. Hilo tunaliunga mkono kwa mikono miwili.

Kuhusu gharama, hatutaki kudanganyana. Kunyoosha ni rahisi kuliko kununua. Lakini tumeuliza, na chuma kilichotumika, kikiwa kizima, bei yake haifiki bei ya tairi moja jipya. Pikapu hili limekula tairi mbili za mbele kabla ya wakati wake, na sasa tunajua ni kwa nini. Mweka Hazina naye anajua kuhesabu.

Ila kitu kilichotumika nacho kina mitego. Usinunue kwa kukitazama kikiwa kimeegemezwa ukutani. Kiviringishe juu ya meza iliyonyooka au kioo, kikiruka-ruka kirudishe. Kipanguse kwa mafuta ya taa, kikaushe, kipake chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatajitokeza kama mstari wa unyevu. Usipoona mstari bado usijiaminishe sana. Boljointi zinunuliwe mpya, hizo za kuokota hatuzitaki, na zile nati zake zifungwe na kipini cha waya kinachopindwa ncha. Msumari haufai kazi hiyo.

Wala tusidhani jiwe liligonga mahali pamoja tu. Fundi atazame mikono ya magurudumu, boksi la usukani na boliti zinazolishika kwenye chesisi, na ile boliti ya katikati ya springi ambayo ikikatika ekseli yote inasogea. Mkono wa gurudumu ukionekana umepinda, huo hauna mjadala, ubadilishwe. Kazi ikiisha, watu wawili wapime magurudumu kwa tepu ya seremala. Mnaweka alama ya chaki mbele ya kila tairi, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, mnapima kutoka alama hadi alama. Mnasukuma gari mpaka alama zifike nyuma kwenye kimo kilekile, mnapima tena. Vipimo viwili vilinganishwe na kitabu cha gari, na tofauti yenyewe ni milimita chache tu. Haihitaji mashine ya mjini. Vijana wetu wa darasa la saba wanaiweza.

Je, kunyoosha hakufai kabisa? Kunafaa kwa jambo moja. Gari likiharibikia porini, dereva anyooshe anavyoweza kwa mnyororo na mti, ashushe watu wote na mizigo yote, alilete nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Akifika, chuma hicho kitolewe na kikatwe vipande viwili kwa msumeno mbele ya Katibu, ili kisije kikapata rafiki. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 nayo haimpi mtu ruhusa ya kuingiza gari bovu barabarani, na polisi akilikamata faini atalipa nani kama si sisi?

Kwa sasa pikapu liko juu ya mawe, ufunguo uko kwa Katibu. Waliozoea kupeleka maziwa nalo wataumia wiki hii, tunawapa pole. Wenye mikokoteni ya ng'ombe wameombwa kusaidia kwa zamu, na orodha imebandikwa chini ya karatasi hii. Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye bohari la pamba. Chuma kitakuwa mezani pamoja na zile alama zake za nyundo. Kila mwanachama akishike kwa mkono wake kabla ya kupiga kura.