Beit el Ajaib: Historia Yake Isielezwe Nusu

Jumba la Beit el Ajaib, pale Forodhani, Unguja, lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said. Halikuwa la kulala. Lilikuwa la dhifa na sherehe, na ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Nyumba za mawe za mwambao zilikuwa na vyumba vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa. Hapa zilitumika boriti za chuma, kumbi zikapanuka, na baraza zikazunguka ghorofa zote juu ya nguzo za chuma.

Wako wanaouliza kwa nini fedha za umma zitumike kuhifadhi fahari ya Sultani. Swali hilo si la kubezwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali hadi 1897. Maana yake ni kwamba jumba lilipoinuliwa, mashamba ya karafuu yaliyoutajirisha utawala yalikuwa bado yanalimwa na watumwa.

Lakini jumba hilo si la Sultani tena. Tarehe 27 Agosti, 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya hapo kwa muda usiotimia saa moja, wakaumia au kufa watu wapatao 500. Wakoloni wakaligeuza kuwa ofisi zao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na Serikali na Chama cha Afro-Shirazi, na hatimaye likawa makumbusho. Ni vigumu kupata jengo jingine lililobeba tawala zote hizo chini ya paa moja.

Kwa hiyo uzembe hauna udhuru. Mwaka 2012 pembe moja ilibomoka. Onyo lilikuwa wazi. Tarehe 25 Desemba, 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Chumvi ya bahari hula chuma, na saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe; ukuta huo hutaka chokaa, na fundi anayeijua. Mafundi hao sharti wafunzwe vijana, si kusubiriwa kutoka ng'ambo.

Na mwalimu atakayewapeleka wanafunzi huko asiishie kuwaonyesha milango ya nakshi. Awaambie pia ni nani aliyechuma karafuu.