Staa na Fundi wa Kariakoo: Wachezaji 11 Wameyeyuka, Lakini Lawama Zote Kwa Fundi Si Haki

Wadau wa mjini wengi mmeshaiona ile video. Staa mmoja, jina kapuni, kasimama sebuleni kwake pembeni ya meza ya mpira, ile ya kuzungusha fimbo. Kamera inashuka taratibu. Wachezaji 11 wa plastiki wako hoi kama mishumaa iliyosahaulika juani: kipa hana uso, kiungo mguu umepinda, mabeki wawili wamegandana mgongo kwa mgongo. Staa anacheka, anautag ukurasa wa fundi, kisha anaandika "fundi uchwara". Kufika jioni kicheko kimejaa kwenye komenti, na kijana wa watu kafunga ukurasa.

Kuchekesha, inachekesha. Ila ukiifuatilia stori yenyewe kutoka mwanzo, kicheko kinakata.

Meza ilinunuliwa ikiwa imetumika, na wachezaji wake walishapakwa rangi juu ya rangi mpaka sura hazionekani. Staa akataka derby ya Kariakoo nyumbani kwake: upande mmoja wekundu wa Msimbazi, upande wa pili kijani na njano ya Jangwani. Wazo kali, hakuna ubishi. Simba na Yanga zina historia ya tangu miaka ya 1930 na zote zimekulia mitaa hiyo hiyo. Tatizo ni muda. Kazi ililetwa Alhamisi jioni, pati ni Jumamosi. Fundi akaomba wiki moja. Jibu likaja: "Mdogo wangu, kama huwezi sema, mafundi wako wengi Kariakoo." Advansi elfu hamsini ikatumwa hapo hapo.

Kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni kupuliza rangi kava za simu na pedi za PlayStation atakataa staa? Akawafungua wote 11 wa upande wa kwanza, akawatumbukiza kwenye kopo la thina, akaenda kula. Aliporudi, timu ilikuwa uji.

Hapo ndipo fundi alipokosea, na asitetewe. Thina ni rafiki wa bati na mbao. Midoli na wachezaji wengi wa plastiki ngumu hutengenezwa kwa ABS au polistaireni, na thina nyingi zina asetoni, ambayo inakula plastiki hiyo yenyewe. Haijui ipi rangi na upi mwili. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni ni mambo yale yale. Angemjaribu mchezaji mmoja tu, tena unyayoni ambako hakuna anayeangalia, angegundua ndani ya dakika chache na hasara ingeishia hapo.

Kinachouma zaidi ni kwamba suluhisho lilikuwa mtaa wa pili. Mafundi simu wa Kariakoo wanayo aisopropili, ile spiriti ya kusafishia bodi za simu. Unawaloweka wachezaji kwenye chombo chenye mfuniko, unawachungulia kila baada ya saa moja au mbili, rangi ikilegea unaisugua na mswaki wa zamani. Na kuna dawa nyingine ambayo bibi yako anayo bafuni: Dettol ya kahawia. Uingereza, wapenzi wa michezo ya mezani kama Warhammer, ambayo ipo tangu mwaka 1983 na siku hizi inachezwa na vijeshi vidogo vya plastiki, wameitumia miaka mingi kuvua rangi vijeshi vya mtumba. Wanaimimina bila kuichanganya na maji, wanaloweka usiku kucha, asubuhi wanasugua. Siri yake ni moja: usikimbilie bomba. Maji yakikutana na Dettol na rangi iliyolegea, yanakuwa ute mweupe unaonata kama ulimbo. Suuza kwanza kwa Dettol safi, halafu ndiyo maji na sabuni. Rangi ya mafuta ni ngumu kidogo, inaweza kutaka raundi ya pili au ya tatu.

Vaa glavu, fungua madirisha, na spiriti ikae mbali na jiko la mkaa. Na asije mtu akakwangua rangi ya zamani kwa msasa ndani ya chumba wanacholala watoto, maana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Sasa angalia hesabu ya muda. Kulowesha usiku mmoja, kusugua wachezaji 22 mmoja mmoja, kuwakausha, kupiga rangi ya msingi, kusubiri, jezi, kusubiri tena, halafu bukta na soksi. Hiyo ni wiki. Fundi aliisema wiki. Aliyeigeuza kuwa siku mbili si fundi.

Mjini hapa kuna kaugonjwa: mwenye hela anataka kazi ya wiki kwa siku mbili, kwa bei ya kutupa, na ikiharibika anaifanya kontenti. Hasara yake ni wachezaji 11 ambao unaweza kuwanunua wengine. Hasara ya kijana ni jina. Kariakoo jina ndiyo fremu, ndiyo mtaji, ndiyo sababu mteja anaacha mafundi kumi njiani anakuja kwako. Staa kapata vyuuzi, fundi kapoteza wateja wa kava za simu ambao hata hawakuwa na ugomvi naye.

Watasema, "Si alipokea hela? Awajibike." Sawa, awajibike. Arudishe advansi, atafute wachezaji wengine 11, aombe radhi. Yote hayo yanaisha kwa simu moja. Kumtag mbele ya maelfu ya watu hakumrudishii kipa uso wake.

Mafundi nao wabebe somo. Muda ukiwa hautoshi, sema hautoshi, hata kama anayetuma meseji ana tiki ya bluu. Makubaliano yaandikwe WhatsApp: siku ngapi, bei gani, kikiharibika inakuwaje. Na kitu usichokijua kijaribu kwa kimoja kabla ya 11.

Na staa, kama ana washauri wanaomwambia ukweli, aifute ile video. Upande wa pili wa meza bado una wachezaji 11 wazima wenye rangi zao mbovu. Awarudishe kwa kijana yule yule, ampe wiki aliyoiomba na chupa mbili za Dettol, halafu aposti matokeo. Hiyo ndiyo kiki ambayo watu wangeipigia makofi.

Wewe ungekuwa fundi, ungemkatalia staa? Dondosha komenti yako, ila matusi kaa nayo nyumbani.